Kipande cha Nne

Igogo, Mwanza
Septemba 1996

Kwa mwanangu Ngosha,

Marahaba. Najua hujaniamkia, maana tangu uende machimboni hujatuma hata salamu ya mdomo, lakini shikamoo ya mtoto ni haki ya mama, nimeichukua mwenyewe. Sisi huku ni wazima. Goti langu linauma kama kawaida yake, dada yako Justa ana mafua. Mwanao Suzana hajambo mwili, ila ana shida ya shule, na hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Wewe hujambo, rafiki yako Chenge ameniambia. Alikuona huko Geita umevaa viatu vipya, unacheka. Kwa afya yako namshukuru Mungu. Kwa kicheko sina la kusema.

Suzana yuko darasa la nne. Mtihani ni mwezi wa kumi na moja, na Mwalimu Revocatus amesema kwa hesabu zake za sehemu mtoto atarudia darasa. Usije ukadhani ni mjinga. Kusoma anasoma kuliko Justa. Ni hizo sehemu tu. Wiki ile alirudi na swali hili, nalinakili kama lilivyo: Mama alinunua sangara mmoja. Robo akampa jirani. Iliyobaki akawagawia watoto wake watatu sawasawa. Kila mtoto alipata sehemu gani ya samaki mzima?

Ngosha, swali hilo lilitutoa jasho watu wazima. Mimi nilitaka kwanza kujua ni mama gani huyo wa kununua sangara mzima siku hizi, wakati minofu yote inapanda ndege na sisi tunagombania mapanki, mifupa iliyokwisha kutolewa nyama. Justa, na darasa lake la saba, akasema ni theluthi, kwani watoto si watatu? Nikamuuliza theluthi ya nini, na jirani ameshakula. Akanuna. Tukamwita Mayala, jirani yetu aliyekuwa karani wa ghala la pamba kabla halijafungwa, akaja na kalamu sikioni kama zamani. Yeye akauliza hiyo robo ya jirani ilikuwa ya kichwani au ya mkiani, maana si sawa. Hapo nikaona ana haki. Tulibishana mpaka ugali ukapoa, na Mayala akaondoka akisema vitabu vya siku hizi vimeandikwa na watu wasiokula.

Suzana mwenyewe aliandika tatu juu ya kumi na sita. Akapigiwa kosa. Nikasema basi, huyu mwalimu anamwonea mtoto wangu. Nikajifunga kanga, nikaenda shuleni nikamwambia yangu yote, kwamba sisi tulihesabu kwa mawe na ng'ombe wetu hawakupotea. Alinisikiliza, kijana ana adabu. Kisha akamwita Suzana aje aeleze. Mtoto akachora samaki ubaoni, akatoa robo ya jirani vizuri kabisa, na iliyobaki akaikata vipande vinne. Mwalimu akamuuliza watoto ni wangapi. Akajibu watatu. Sasa mbona vipande vinne?

"Na cha baba," akasema. "Baba hula akija usiku."

Mwalimu akanitazama.

Sasa sikiliza, maana hili hata Justa hakulijua. Ulipoondoka nilikuwa nakutengea chakula, kama mama yangu alivyomtengea baba akiwa safarini. Tuko watatu, tunagawa mara nne. Mtoto akawa halali, analia, anauliza baba yuko wapi. Nikamwambia huja usiku sisi tukiwa tumelala, hula, humtazama, huondoka kabla jogoo hajawika. Na ili aamini, kila alfajiri naamka wa kwanza, nakula sehemu yako, sahani naiacha na makombo ayaone. Mama yako huyu, mzee wa kanisa, natafuna gizani kama paka. Kwa ajili yako.

Jumapili nilimwambia ukweli. Hakulia, na afadhali angelia. Aliniuliza kama wewe unajua kwamba unasubiriwa. Nikasema nitakuandikia ili ujue. Jioni aliushika mwiko mwenyewe, akaugawa ugali sehemu tatu, akaketi akala.

Jumatatu akalifanya lile swali upya. Kwamba iliyobaki ni robo tatu, watu ni watatu, basi kila mmoja robo. Mwalimu kampigia vema. Mayala anadai ndivyo alivyosema tangu mwanzo, mwongo mkubwa. Justa alipiga vigelegele. Mimi nilikwenda zangu jikoni. Mtoto ameipata hesabu kwa kukutoa wewe, Ngosha, na sasa kila akigawa, anapata. Mtihani ataushinda, sina wasiwasi.

Barua hii anakuletea Chenge, usimkasirikie, nimemlazimisha. Justa anakusalimu, Mayala naye. Suzana sikumwambia akusalimu. Chakula chako hakitengwi tena, lakini nyumba ni ile ile. Ukiwa na nia ya kuja, uje mchana, mtoto akuone kwa macho yake.

Ni mimi mama yako,
Selina Mhoja