Kidonge cha Baba

Mwenzangu, leo nitaua mtu, na mtu mwenyewe ni kaka yangu.

Unajua baba kapasuliwa nyonga jana. Daktari akamwandikia melatonini, ile homoni ya usingizi, maana wazee wengine wakikosa usingizi baada ya upasuaji huchanganyikiwa. Muuguzi akamwachia kaka, aliyebaki kumwangalia usiku, kidonge ampe baba akimaliza uji. Kazi yenyewe ni hiyo tu! Kidonge kimoja!

Asubuhi naingia wodini, baba kachomoa dripu, shuka lina damu, ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Nimelia mimi.

Mara baba akamnyooshea kaka kidole: "Huyu kameza dawa yangu."

Kaka, bila hata kupepesa macho: "Mzee anaweweseka." Muuguzi akatikisa kichwa kwa huruma. Na mimi mjinga nikamwomba kaka radhi kwa niaba ya baba. Radhi! Mimi!

Muuguzi, kwa wema wake, akamuuliza kaka, "Na wewe uliweza kulala kwenye hilo benchi?"

Unalijua lile domo lake. "Nimelala fofofo, dada. Kile kidonge chenu ni kiboko!"

Kile. Kidonge. Chenu.

Kaka ndiyo kwanza anasikia alichosema mwenyewe. Mimi nimeshavua kiatu.

Baba akageuza kichwa taratibu kwenye mto: "Haya, nani anaweweseka?"