Siki Iweke Kabatini

Baba Watoto,

Hiyo siki uliyoikimbilia dukani iweke kabatini. Simu umeiacha mezani, ndiyo maana naandika.

Tumekwenda zahanati. Mkono wa mtoto umekuwa mwekundu, lakini haujachubuka. Nimeuweka bombani dakika ishirini, maji matupu! Dawa ya kuzibua sinki ni magadi makali; ikimwagikia ngozi unaosha papo hapo, huendi dukani.

Eti unaniuliza, "Si ndivyo mnavyofanya kazini?" Ndiyo, maji yenye magadi makali tunayatilia asidi, jamii ya hiyo siki yako, kidogo kidogo, kwa kipimo, na tangi linapata moto. Mwanao ni tangi?

Sakafu ya jikoni usiikanyage pekupeku. Vaa glavu, mwagia maji mengi. Na siki usiiguse!

~~Leo usinisemeshe kabisa.~~ Njoo zahanati, anakuulizia.

Jambo moja. Alikuwa anajimiminia juisi. Ile dawa niliileta mimi kutoka kazini, nikaitia kwenye chupa ya juisi, sikuandika kitu. Wakati nakufokea mbele ya watoto nilishakumbuka kuwa kosa ni langu.

Jioni nikimaliza kukugombeza, zamu yako.

Mama Watoto