Ornella na Mitrailleuse Yake

Siku ya yenga, 6 juillet

Ornella atadéfendre mémoire yake, kitabu ya kumaliza masomo, mbele ya ba prof siku ya posho, 12 juillet! Prof alimupatia ruhusa. Mutoto yangu, ya kwanza kwetu kufika université — na mémoire iko juu ya historia ya mitrailleuse, ile bunduki ya kumwaga risasi mingi. Ndiyo, mitrailleuse. Batoto ya bengine banasoma gestion, gestion, gestion. Wangu anasoma kitu yenye batu banaogopa.

Kisha sala nilisimama mu shirika yetu ya kanisa, nikasema mbele ya bote: mushukuru Mungu pamoja na miye, Ornella anamaliza masomo ya mitrailleuse. Balipiga makofi. Solange, jirani yangu, akauliza kama sasa atapata kazi ya kuipiga. Wivu tu.

Siku ya kwanza, 7 juillet

Ornella anaenda Beni, kwa kaka yangu Kambere, kule Bungulu. Kuko muzee moja, soda, askari ya zamani, alibeba mitrailleuse ya Babelgiji wakati ya Zaïre. Anataka kumuuliza vile ilikuwa nzito ku bega.

Mbele ya kutoka alinielezea, miye niko ku mashini yangu ya kushona. Ya kwanza, anasema, balikuwa banazungusha na mukono, sawa mashini yangu. Mukono ikichoka, inanyamaza. Kisha mu 1884, Mumarekani moja, Maxim, kule Londres, akakamata ile nguvu yenye bunduki inasukuma nayo mutu nyuma. Akaifanya ijaze risasi yenyewe. Kidole moja tu! Mais ilikuwa inawaka, banaitilia maji, na batu ine ama tano kuibeba. Babelgiji baliifikisha huku kwetu. Nyuma, banaondosha maji, upepo njo inapoza. Batu babili. Leo ile ya Barusi, PKM: mutu moja, kilo saba na nusu.

"Mama, ile miaka yote balikuwa banatafuta ikuwe nyepesi. Njo vile ilifika mpaka mu shamba yako ya kakao."

Nikasimamisha mashini. Kakao yangu ya Kamango… Tangu tulikimbia, sijarudi. Ile siku miye hapana ona mutu hata moja. Nilisikia sauti ya mitrailleuse tu.

Siku ya tatu, 9 juillet

Mutu moja ya service ya usalama alikuya. Viatu safi, adabu mingi, ananiita mama. Nani anafundisha binti yako mitrailleuse? Na Beni iko kwa nani? Nikamuambia ni historia, ni université, aende kwa prof. Akaandika jina ya Kambere. Nani alimutajia? Miye. Hii kinywa!

Siku ya ine, 10 juillet

Basoda balisimamisha Ornella ku barrière ya barabara, akiwa anarudi. Balikuwa banajua jina yake. Mu sac kulikuwa michoro: ile ya Maxim, ile ya muzee, PKM, na mishale ya kuonyesha kila chuma. Balimuikalisha ku jua, magari ingine inapita. Kisha balimuachilia. Michoro, balibakia nayo. Balisema batafika ku défense kusikiliza. Kama ni masomo, itaonekana.

Alifika, hapana kula. Nilimuomba abadilishe, aandike juu ya viazi.

"Mama, ni nani alitangaza mu shirika?"

Nikamusogezea sahani. Kisha akacheka kidogo, akasema viazi nayo iko na historia. Mais hataondosha hata ukurasa moja mu mémoire yake.

Siku ya tano, 11 juillet

Usiku miye hapana lala. Ananie, mukubwa wa shirika, alipita. Nilitaka aambie batu ya shirika babaki kwabo siku ya défense, kelele yangu isizidishe mambo. Alikataa.

"Mama Ornella, akikuwa na ma prof tatu tu, bale batu ya service batatoka naye. Salle ikijaa ba mama, batamupitisha wapi?"

Donc tangu asubui ninazunguka Vulamba, huku kwetu, mulango kwa mulango: mutoto yangu anajua mitrailleuse kuanzia ya mukono, mukuye musikie! Solange anasema ataikala pa mulango, yeye munene, hakuna mutu atapita. Wasingya, aksanti, Solange. Kambere anatoka Beni na bibi yake, kama barrière inabaacha. Elsa, dada yangu, anamaliza kushona kitenge ya uniforme ya familia.

Ornella iko mu chumba, anarudilia: maji, upepo, kilo saba na nusu. Ananiuliza batu ngapi batafika. Namuambia shirika, familia, avenue muzima. Hakuuliza juu ya bale bengine, ba barrière na ba service. Nao balisema batakuya.

Bote mu salle moja, kesho. Siku ya posho.