Pikipiki Ambayo Rajabu Hakuiiba

Jumatatu, 7 Julai
Nimeshona sare za shule mpaka mgongo ukagoma. Mchana nikapeleka chakula gerezani. Ndugu yangu Rajabu amekonda tena. Yuko rumande hapa Arua tangu mwaka juzi, eti alipora pikipiki Koboko. Walimkamata kwa sababu alikuwa akiendesha ya rangi hiyo hiyo. Usiku wa wizi tulikuwa wote kijijini Lobule, kwenye arobaini ya mjomba. Mimi mwenyewe nilimpakulia chakula. Nilieleza polisi, wakaniambia nitaitwa mahakamani. Sijaitwa.

Leo ananiambia jaji anakuja kwa kikao cha mapatano. Ukikiri, unapunguziwa kifungo.

Jumanne, 8 Julai
Nimeonana na wakili aliyewekwa na serikali. Aliongea huku anakula mandazi. Nilimuuliza kama Rajabu anaweza kusema tu, sibishani nanyi, nihukumuni, bila kutamka kwamba aliiba. Alisema kuna nchi zinaruhusu. Hapa hakuna. Ni nilifanya au sikufanya. Ukisema hukufanya, unasubiri kesi isikilizwe, na lini hajui. Akacheka kidogo, akafuta mafuta midomoni.

Asiye na kosa anabaki ndani, anayekiri anatoka. Hata hiyo njia ya nchi nyingine si haki, ni mlango wa watu waliochoka. Lakini angalau hailazimishi mtu kujiita mwizi.

Jumatano, 9 Julai
Mama yuko upande wa wakili. Kwao Koboko ukikosa unakubali mbele ya wazee, unakula na uliyemkosea, na neno limekwisha. Anadhani na mahakama iko hivyo. "Akubali tu, maneno iishe, kijana ikuje nyumbani." Nilimwambia hakukosa. Akasema mimi iko na kichwa ngumu. Nikatoka nje nisije nikamtukana mama yangu.

Ijumaa, 11 Julai
Amekiri.

Jaji alimuuliza kama kuna aliyemlazimisha. Akasema hakuna. Kisha akamtaka aeleze alivyofanya. Nilidhani hapo atakwama, na moyoni nilitaka akwame. Wapi. Alisema mvua ilikuwa imekatika, akamsimamisha mzee Lemi, mwenye pikipiki, karibu na daraja, akamsukuma kwenye matope, akaondoka amezima taa. Mambo haya alifundishwa na mwenzake wa selo. Jaji akamsifu kwa kusema ukweli. Wakili akaitikia kwa kichwa kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu.

Wote walijua, au hawakutaka kujua, sioni tofauti. Ukitoa muda aliokwisha kukaa rumande kwenye kifungo alichopewa, Rajabu atatoka baada ya siku chache. Mama alinishika mkono. Nikauondoa.

Na alisimulia vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Jumatano, 23 Julai
Rajabu yuko nyumbani. Analala sana. Nilimwambia alichofanya ni uchafu. Akasema, "Wewe hukulala kule." Nikarudi kwenye cherehani, na hasira haikuisha.

Jumapili, 27 Julai
Mama alipika kuku, akatuchukua Koboko kwa mzee Lemi. Nilikwenda nikiomba atufukuze. Hakutufukuza. Alinawa, akala na Rajabu sahani moja. "Mimi nimesamehe," alisema. "Wewe ni mutoto yangu sasa." Rajabu akamshukuru, macho chini. Mama akalia kwa furaha. Nilikula kidogo, nikatazama ukuta.

Baada ya chai mzee akauliza, kwa upole tu, "Sasa niambie, mutoto. Pikipiki uliuza wapi?"

Rajabu alitazama mikono yake. Mama akaacha kukusanya vikombe. Nami nikamgeukia ndugu yangu, nikasubiri jibu kama wao.