Baba Mkwe, Friza na Seli Zilizokufa

Anti Felista mpendwa, nisaidie kabla sijatokea dirishani kwa mara nyingine. Mimi ni mtaalamu wa maabara kwenye kituo kidogo cha utafiti hapa Tukuyu, tunatoa seli za kinga kwenye damu, tunazifundisha kupigana na saratani, tunazigandisha, halafu tunaziyeyusha tuone kama bado zina nguvu, na kazi ilikuwa tamu mpaka nilipoolewa na Lugano, ambaye baba yake ndiye bosi wangu. Kwetu Wanyakyusa mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wala haongei naye, basi mzee akikohoa mlangoni mimi natokea dirishani, nikichelewa najificha nyuma ya friza, kwa hiyo hatujawahi kuulizana lolote, kumbe yeye anayeyusha seli haraka kwenye maji ya uvuguvugu, mimi naziacha mezani ziyeyuke zenyewe, na zangu nusu zimekufa. Sasa umekuja mwongozo wa pamoja, kila maabara ieleze seli zilitoka wapi, ziliyeyushwaje na ngapi zilibaki hai, lakini mzee kaandika "ziliyeyushwa kama kawaida", na ripoti inaondoka Ijumaa, wenzetu wa Dar waifuate kwa wagonjwa wenyewe. Lugano nimemtuma akaseme, kanijibu, "Mimi nauza ndizi, seli zenu zinanihusu nini?" Mama mkwe naye, "Ukimkosoa mzee, utaishi na nani?" Naogopa mgonjwa atawekewa seli mfu, na naogopa kuitwa mkwe asiye na adabu. Nifanyeje?

Mkwe wa Masukulu

Mkwe, pole, ila nimecheka mpaka chai imenipalia. Watu wazima wawili, wasomi, mnakoholeana mlangoni huku seli zinakufa! Kama kawaida ya nani? Mwongozo huo umeletwa kwa ajili ya watu kama nyinyi hasa.

Mila siidharau, mimi mwenyewe nimeolewa hapo hapo Tukuyu, mtaa wa Msasani, baba mkwe wangu namjua kwa kikohozi tu. Lakini mila imekukataza uso wake, haikukukataza kusema ukweli. Kesho andika ulivyoyeyusha, na zilizokufa uzitaje zote, bila kumsingizia mzee, maana hizo umeziua wewe. Mwombe mwenzako wa kazini ausome mwongozo mbele ya wote, kipengele kwa kipengele, mzee ajibu upande wake, wewe ukae chumba cha pili, mlango wazi, ujibu kwa sauti. Akigoma kurekebisha, toa jina lako kwenye ripoti na uwaambie wa Dar sababu. Lugano mwache na ndizi zake.

Na hiyo adabu endelea nayo nyumbani kwenu. Mgonjwa atakayewekewa hizo seli hajaoa kwenu.