Jina la Kwanza Kwenye Ripoti

Dada mpendwa,

Huku kikohozi changu kimepungua, na ofisi imepakwa rangi upya.

Umeniuliza kama sisi wataalamu wa jopo la tabianchi tulijua. Tulijua. Wa mvua alijua mto utafurika, wa historia alijua uliwahi kuzoa nyumba za huko kwenu bondeni, daktari alijua kipindupindu kingefuata. Tuliandika ripoti moja, ikakaa mezani mwezi mzima tukigombania jina la nani litangulie, hadi mafuriko yakaja. Mimi ndiye niliyeshupaza shingo kuliko wote. Simu sikukupigia, kwa sababu tulikatazwa kusema kabla haijachapishwa.

Imetoka juzi. Jina langu limetangulia. Nyuma tumeongeza majina ya waliozama, na la mwanao nimeliandika mwenyewe.

Mdogo wako, kama bado unaniita hivyo.