Mama, Pikipiki Ina Breki

Kamunyonge, Musoma
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa muda wote huu bila kuandika. Najua umeshasema, "Huyu mtoto amenyamaza kwa sababu hana la kujibu." La kujibu ninalo, mikono ndiyo sikuwa nayo. Bwire anaota meno. Hataki kulazwa chini, hataki kubebwa na mtu mwingine, na kila nikishika kalamu anaitaka yeye. Sasa hivi amelala, ndiyo nikasema niandike kabla hajaamka. Ukiona mwandiko umebadilika katikati, ujue naandika huku nanyonyesha.

Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa zahanati bado unajipaka, au umeshawagawia majirani yote? Maharage yalitoka vizuri? Sisi huku wazima. Mume wangu Magesa yuko Murangi kwenye uvuvi, anakujaga nyumbani Jumamosi, na jana kaleta sato mkubwa mpaka kichwa tumempa jirani. Mimi nimechoka, sitakudanganya, ila ni uchovu wa mtu anayekula na kucheka.

Tuingie kwenye lenyewe. Siku ile ulipiga ukasema umesikia kwa watu kwamba nimegonga wanawake wa samaki na pikipiki, na kwamba mwanangu Jovina hatoki Ngara kuja kuishi nyumba moja na mashine ile. Nikaanza kueleza, ukasema simu ina kelele, kama nina la kusema niliandike. Halafu ukakata. Basi naandika, na nitasema yote, hata ya kuchekesha.

Kazi yangu unaijua. Ushirika wa wafugaji umeniajiri niwahimilishe ng'ombe, nabeba mbegu za madume bora kwenye mtungi wa baridi. Wazee wa huku hawachoki kunitania. Mmoja wa Butiama kila nikifika anazunguka pikipiki, anauliza, "Daktari, dume umelificha wapi leo?" Namwambia liko kwenye mtungi, Mzee. Anatikisa kichwa. "Maskini, halioni hata sura ya bibi harusi."

Lakini joto la ng'ombe, ile siku moja anapotaka dume, halimngoji mtu. Mfugaji akinipigia asubuhi nami nikafika kesho yake, nimefika bure. Ndiyo maana ushirika ulinunua pikipiki ile ndefu, aina ambayo wageni wanavukia nayo nchi. Mwenyewe, mgeni mmoja, alifika nayo Musoma, akachoka na safari, akaiuza akapanda basi. Ni kubwa kweli, kiti kinanifika juu ya kiuno. Sikatai kwamba inatisha.

Sasa sikia ninavyoitunza, maana hili hukunipa nafasi ya kulisema. Bunda kuna Fundi Marwa, amezoea pikipiki za wageni wanaokwenda Serengeti. Alinikalisha kwenye tairi kuukuu, wakati huo nina mimba ya Bwire, akaniambia, "Shemeji, hapa hatungoji iharibike. Ikiharibika nakulipisha mara mbili, moja ya kazi na moja ya uzembe."

Basi kila asubuhi kabla sijaiwasha naizunguka kama wewe unavyomzunguka ng'ombe kabla ya kukamua. Nazipima tairi upepo, naangalia oili kwenye kioo chake kidogo cha pembeni, nabonyeza breki, nakaza nati, maana barabara za vijijini zinalegezaga kila kitu. Cheni, kila kilomita mia tano naisafisha na kuipaka mafuta yake yenyewe. Vijana wa bodaboda wanapakaga oili chafu, inashika mchanga, cheni inajila. Filta ya hewa, kitabu cha kiwandani kinasema unaweza kuiacha muda mrefu. Aliyekiandika hajapita Bunda kwenda vijijini mwezi wa nane. Mimi kiangazi naifungua kila wiki, na vumbi linalotoka humo ungeweza kukandikia ukuta. Oili ya injini, wenye kupita lami tupu wanafika hata kilomita elfu kumi ndipo wabadilishe. Mimi elfu tano, sizidishi.

Ikifika elfu ishirini inashinda kwa Fundi Marwa, anafungua juu ya injini anapima valvu. Siku hiyo siendi popote. Mwenyekiti wa ushirika alijaribu mara moja. "Daktari, ng'ombe wangu analia tangu alfajiri." Nikamwambia, "Mwenyekiti, na pikipiki yako iko wazi kichwa hapa. Chagua nije na nini." Akaguna. Mwisho akaja na gari lake kunichukua, akanirudisha, na njiani akanisifu.

Kwa hiyo kilichotokea hakikutoka kwenye uzembe. Kilitoka kwenye upendo, na ndiyo maana nachelewa kukifikia.

Mama mkwe wangu, Mama Magesa, amehamia kwetu kutoka Kiriba kunisaidia kumlea Bwire. Pikipiki iliporudi kutoka sevisi kubwa, tukaiosha Jumapili ikang'aa. Akasema chombo kinachombeba mama anayenyonyesha hakiwezi kutembea bila kuombewa. Nikafurahi. Wanawake wa kanisani wakaja, wakaimba, wakaomba, wakanywa chai. Mimi nikaingia ndani kunyonyesha. Wenzake walipoondoka, Mama Magesa akabaki uani na kichupa chake cha mafuta yaliyoombewa. Akapaka usukani. Akapaka taa na kiti. Halafu akaona kwenye magurudumu kuna vyuma vya duara vinavyong'aa kuliko kitu chochote pale, akasema moyoni, hapa ndipo penyewe. Akapaka cha mbele, akapaka cha nyuma, upande huu na upande ule, mpaka kichupa kikaisha.

Mama, vile vyuma ndiyo diski za breki. Breki inaibana diski ndipo gurudumu lisimame, na lazima iwe kavu. Ikipakwa mafuta ni kama kumshika kambale kwa mikono.

Jumatatu asubuhi nikapigiwa simu kutoka Butiama. Nikaizunguka pikipiki kama kawaida. Breki nikazibonyeza, ngumu vizuri, maana mkono haujui kama diski ina mafuta. Nikatoka taratibu, nikashuka kale kamteremko ketu. Nabana breki, pikipiki inaenda. Nabana na ya mguu, inaenda. Sikuwa na mwendo, namshukuru Mungu. Nikashusha gia mpaka ya kwanza, nikaielekeza pasipo na mtu, nayo ikaniingiza kwenye dagaa walioanikwa kwenye nyavu. Ikazimikia katikati yao. Sikuanguka, nilikuwa wima juu yake, dagaa mpaka ndani ya viatu.

Mwenye dagaa, Nyamburi, alikuja kashika kiuno. Akaniangalia, akaiangalia pikipiki. "Daktari, hawa hawana joto," akasema. "Nani kakupigia simu?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nikacheka. Hao ndiyo wanawake wa samaki niliowagonga, Mama. Nilimsaidia Nyamburi kuokota, na waliopondeka tumewala sisi wiki nzima.

Nilipoinama nikaziona diski zimelowa mafuta, nikajua ni kichupa cha Mama Magesa. Kijana mmoja wa bodaboda akanishauri, "Endesha tu, Daktari, yatakaukia njiani." Nikamwambia akaendeshe ya kwake. Nikampigia Fundi Marwa. Hakuuliza nimeumia wapi, aliuliza, "Shemeji, nani amegusa diski?" Nikasema mama mkwe. Akasema, "Basi hapo mimi simo. Hata mimi nina mama mkwe."

Ila alinielekeza. Nikaisukuma mpaka nyumbani, nikafungua pedi za breki zilizokwishanyonya mafuta, nikazitupa, nikafunga mpya nilizokuwa nazo, maana huwa sikai bila za akiba. Diski nikazisugua kwa ile spiriti ninayofutia vifaa vya ng'ombe, kila mara na kitambaa kingine, mpaka kitambaa kikawa kinatoka safi kama kilivyoingia. Nikaijaribu uani polepole, halafu kwa nguvu. Ikasimama hapohapo. Butiama nikafika ng'ombe bado yuko kwenye joto, mimi nanuka dagaa, na yule mzee akauliza kama siku hizi tunapandikiza samaki. Ng'ombe wake ana mimba sasa. Ameapa ndama akiwa jike atamwita Sevisi.

Nyumbani jioni nikamkuta Mama Magesa hajala. Amekaa jikoni kajifunika khanga mpaka kichwani. Akasema, "Nilitaka kukulinda, nimekaribia kukuua." Nikakaa naye, nikampakatisha Bwire. Nikamwambia, "Mama, maombi yaendelee. Ila diski usiiguse tena, wewe wala mtu mwingine yeyote." Akainua mikono yake akaitazama. "Sasa na hii niipeleke wapi?"

Nikamwambia, kwenye cheni.

Mama, ungemwona. Kila Jumamosi anaweka kigoda chake, mimi natoa ufunguo naweka mfukoni, naisimamisha pikipiki kwenye stendi gurudumu la nyuma liwe juu. Anasugua cheni kwa brashi, anafuta, anapaka mafuta yake kidogo kidogo huku anazungusha gurudumu kwa mkono, na anaomba. Anataja watu. Magesa, mimi, Bwire, na Jovina ambaye hajawahi kumwona. Kama gurudumu halijamaliza mzunguko anarudia kuanzia kwa Jovina. Watoto wa jirani wakisogea na mikono ya maandazi anawafukuza, "Tokeni hapo kwenye diski." Fundi Marwa aliiona ile cheni akauliza ni nani anaifanya. Nikamwambia ni yuleyule. Akasema nimlete Bunda ampe kazi.

Najua kinachokuogopesha, na si maneno ya watu. Kila ukisikia pikipiki unamwona marehemu Baba. Na mimi namwona. Lakini ile iliyomwangusha haikuwa na breki ya nyuma, na kila aliyeipanda alijua, wakaendelea kuipanda kwa sababu ilikuwa inawaka. Ninayoipanda mimi, siku isiposimama nilivyotaka, hata ng'ombe wa nani awe analia, hatutoki. Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka Baba. Nilitaka ulijue hili, na kwenye simu lisingetosha.

Jovina hatapanda pikipiki. Miguu yake haifiki kwenye vikanyagio, na mpaka ifike hatutaizungumza. Shule iko karibu, atakwenda kwa miguu na watoto wa Nyamburi. Lakini kuja atakuja, Mama. Silisemi hili kwa kiburi. Ulimchukua alipoanza kutembea nilipokwenda kozi, ukamfundisha kusali na kufua soksi zake, na mimi sina cha kukurudishia kinachofanana na hicho. Ila ni mwanangu, na anakua nikiwa sipo. Shule zikifungwa Magesa anakuja kumchukua. Ukitaka kumsindikiza mwenyewe nitafurahi zaidi, kitanda kipo, na Mama Magesa ameshasema mkwe mwenzake wa Ngara atalala upande wa dirisha.

Nisalimie Baba mdogo Deogratias, anayetulimia shamba la juu, na mkewe aliyenitumia nguo za Bwire. Msalimie wifi Jenerosa, mke wa kaka, mwambie nimesikia amejifungua na nimefurahi. Shangazi wa Rulenge, anayenigombeza kwa kutokwenda kumwona, mwambie simwogopi, nitakuja. Mwalimu wa Jovina umpe shukrani zangu. Na Jovina mwenyewe mbusu kwenye paji la uso, mwambie mdogo wake ana meno mawili na anauma.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Adventina

Bwire bado hajaamka, kwa hiyo niandike kabisa vya kumfungashia. Cheti chake cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, viweke kwenye nailoni visilowe. Barua ya uhamisho kutoka shuleni, iwe na mhuri. Sare yake hata kama imekuwa fupi, nitaishusha pindo. Sweta moja tu, huku ni joto. Viatu vya kufunika vidole, vya plastiki atavipata hapa. Maharage ya njano debe moja, na ndizi kama Magesa ataweza kubeba. Na kile kimto anachokikumbatia akilala, hata kama kimechanika na sufi inatoka. Usikishone. Nitakishona mimi.